Kila nikikata kona spidi inakufa wakati injini iko full, enaji inapotelea wapi?

Kijana_wa_Soweto (Mbeya)

Wakuu habari za jioni. Mimi nacheza War Thunder, gemu ya ndege za kivita, kama miezi mitano sasa, natumia laptop ya mtumba na mausi, zile mechi za realistiki, na ndege ninayoipenda ni Bf 109 F-4 ya Mjerumani. Kulenga naweza, risasi zangu zinafika. Shida yangu ni moja na imenichosha kweli. Naingia kwenye pambano niko juu vizuri tu, mita 3000 na kitu, spidi kilomita 500 na ushee kwa saa, namuona Spitfire ya Mwingereza chini namfuata, anakata kona na mimi nakata naye, kona ya kwanza niko naye, kona ya pili naangalia spidi iko 300, ya tatu iko 220 na ndege inatetemeka pua haitaki kuja tena, alafu hapo ndo anatokea mwenzake au huyohuyo ameshazunguka yuko mkiani kwangu, nadunguliwa.

Nimejaribu kuacha injini full muda wote haisaidii. Nimejaribu kutoa flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa, imekuwa mbaya zaidi. Jana nimecheza mechi 6 na zote 6 nimeanguka kwa namna hiyohiyo. Kila mtu anasema "tunza enaji, tunza enaji", sawa, lakini hiyo enaji inapotelea wapi wakati injini iko full na sijagusa breki yoyote? Naomba mtu anieleweshe kwa lugha ya kawaida. Nawasilisha.

Dereva_Kitonga (Iringa)

Kamwene kijana. Mimi kazi yangu ni semi, Dar Tunduma Dar Tunduma, gemu nacheza nikiwa mapumziko nyumbani Iringa, kwahiyo ntakwambia kwa lugha ya barabara.

Ukitoka Mafinga kuja Makambako unaijua ile barabara, inashuka inapanda inashuka inapanda. Dereva mgeni akishuka anaogopa, anakanyaga breki bondeni, alafu mlima unaofuata anaupanda kwa gia ndogo injini inalia. Dereva mzoefu anaiacha gari ishuke kwa spidi ambayo anaimudu, bondeni haigusi, ule mshuko unampandisha nusu ya mlima wa mbele bila kuongeza moto. Mzigo uleule, injini ileile, dizeli ileile. Ndege ndo hivyohivyo, kimo unakigeuza spidi na spidi unaigeuza kimo, unabadilisha unavyotaka, ila ukikanyaga breki katikati hicho ulichotupa hakirudi mpaka injini ikurudishie polepole sana.

Sasa wewe unasema hujagusa breki. Umegusa. Ile kuvuta pua kwa nguvu NDIYO BREKI. Hakuna kitu kwenye ndege kinachofunga breki kama kuvuta.

Na hilo la injini full, niamini mimi, ukiwa unapanda Kitonga na mzigo umekanyaga mpaka chini na mshale wa spidi unasoma 15. Injini full maana yake unatoa ulichonacho chote, haina maana kwamba kinatosha.

Mkata_Kona_Uyole

mi naona tatizo ni ndege tu mkuu, 109 sio ya kona, chukua Zero ya Mjapani uone hakuna atakayekaa mkiani kwako, utazunguka mpaka watachoka

Mwalimu_wa_Rungwe

Nafundisha fizikia sekondari huku Rungwe na usiku nacheza IL-2, gemu nyingine ya ndege za vita, hili swali ningependa wanafunzi wangu wa kidato cha tano waniulize hivihivi ulivyouliza: inapotelea wapi.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua spidi yako kwa mita kwa sekunde, zidisha yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa 19.6. Jibu ni mita za kimo ambazo hiyo spidi ingekupandisha kama hewa isingekuwepo. Ukiingia na 540, hiyo ni mita 150 kwa sekunde, unapata kama mita 1150. Ukitoka kwenye kona uko 360, ni mita 100 kwa sekunde, unapata mita 510. Maana yake ile kona moja imekugharimu mita 640 za kimo, na kwenye kioo hukuona umeshuka hata kidogo, kwahiyo hukushtuka. Kwa sisi wa Mbeya, kutoka mjini mpaka kilele cha Loleza ni mita 900 na kitu, ndege yenye spidi ya 490 imebeba Loleza nzima ndani yake. Wewe kona mbili tu umeshaitupa.

Inapoenda ni kwenye hewa. Ukinzani wa hewa uko wa aina mbili na watu wengi wanaujua mmoja. Wa kwanza ni ule wa mwili wa ndege kupasua hewa, huu unakua na spidi, spidi ikiwa mara mbili wenyewe unakuwa mara nne. Ndo unaokuzuia kwenda 700 ukiwa umenyooka. Wa pili unatokana na bawa kubeba. Bawa likibeba, presha ya chini ni kubwa kuliko ya juu, ile hewa ya chini inatafuta njia inazungukia kwenye ncha ya bawa kwenda juu, na nyuma ya kila ncha kunabaki kimbunga kinajizungusha. Hicho kimbunga unakilipia wewe, kwa spidi yako. Ukiruka umenyooka bawa linabeba uzito mmoja wa ndege. Ukikata kona ya G 4 linabeba uzito mara nne, na huu ukinzani wa pili haukui mara nne, unakua mara 16 kwa spidi hiyohiyo.

Na kuna sehemu mbaya zaidi ambayo ndo inakumaliza wewe. Huu wa pili hauko kama ule wa kwanza, ukipungua spidi wenyewe UNAONGEZEKA. Bawa likitakiwa kubeba mzigo uleule kwa nusu ya spidi, gharama inakuwa mara nne. Kwahiyo unavuta, spidi inashuka, kuvuta kunakuwa ghali zaidi, spidi inashuka zaidi. Ni shimo, na ukishaingia, kuvuta hakukutoi, kunakuzamisha.

Ile kutetemeka kwenye 220 nayo ina hesabu yake. Tuseme ndege yako ikiwa imenyooka inastoli, yani bawa linashindwa kubeba, kwenye 160. Kwenye G 4 itastoli kwenye 320, mara mbili. Ukiwa 220 bawa linaweza kama G 1.9 tu, hata uvute mausi mpaka mwisho wa meza. Spitfire yeye bawa lake ni mita za mraba 22 na kitu, lako wewe ni 16 na kitu, na uzito wenu haupishani sana. Kona moja mnalipa bei tofauti, na wewe ndo unalipa kubwa.

Kijana wa Uyole, Zero ni kweli ni nyepesi na bawa lake ni kubwa, ikiwa polepole hakuna wa kuifuata. Lakini ikishika spidi kubwa kuilaza upande inakuwa nzito kama jiwe, na kwenye mbizi haivumilii. Mwaka 1942 Wamarekani walikuwa na Wildcat, nzito na haipandi vizuri, wakagundua kuzunguka na Zero ni kujiua. John Thach akawafundisha kuruka wawili wawili wakikatizana, ukifukuzwa wewe unakatiza kwa mwenzako yeye anampiga anayekufukuza. Kwahiyo ndege sio dawa, ukibadilisha ndege unabadilisha tu aina ya kosa.

Mkata_Kona_Uyole

sawa mwalimu nimeelewa. hiyo ya mara 16 sikuwahi kuisikia aisee

Rubani_Makambako

Mwalimu kamaliza nadharia, mimi nataka kujua unachofanya na mikono. Kijana wa Soweto fungua rekodi ya mechi moja ya jana, iangalie kuanzia pale Spitfire anapoanza kukata kona mpaka unadunguliwa, alafu nijibu. Kile kiduara cha mausi kiko wapi kwenye kioo? Vitufe gani umevishikilia? Flapu umezitoa saa ngapi na umezirudisha saa ngapi? Na rejeta ya kupoza injini iko otomatiki au umeishika mwenyewe?

Kijana_wa_Soweto (Mbeya)

Samahani kwa kuchelewa mkuu, umeme ulikatika tangu jana saa moja umerudi leo asubuhi. Nimeangalia rekodi mara tatu.

Kiduara kiko mbali kabisa, yani kimefika karibu ukingoni mwa kioo kwa juu, nakirusha kule ili ndege ivute haraka. Vitufe, hapa nimeshangaa mwenyewe, nimeshikilia usukani wa mkia upande wa kushoto karibu kona nzima, nafikiri nilikuwa najaribu kuilazimisha pua imfikie. Flapu nimetoa kwenye kona ya pili, na kuzirudisha... sijazirudisha. Nimedunguliwa ziko nje. Rejeta iko otomatiki sijawahi kuigusa.

Rubani_Makambako

Safi umesema ukweli wote, hapo tunaweza kufanya kazi.

Kiduara kwanza maana ndo kinakula zaidi. Kwenye mausi ndege inaendeshwa na ule msaidizi wa ndani ya gemu, wewe unamuonyesha unataka kwenda wapi yeye ndo anavuta. Ukirusha kiduara mbali anavuta mwisho wa uwezo, kila mara, kwasababu anadhani unataka kufika kule sasa hivi. Hizo ndo G 6 unazilipa bila kujua. Weka kiduara karibu na pua, kitembee mbele ya pua kama unamvuta ng'ombe kwa kamba, ukimvuta sana anagoma. Utaona ndege inakata kona karibu ileile lakini spidi inashuka taratibu.

Usukani wa mkia uachie. Ukiushikilia ndege inakwenda ubavu, upepo unaipiga kwenye mwili mzima badala ya kwenye pua, ni kama umefungua mlango wa gari kwenye spidi ya mia. Tumia kugusa tu, robo sekunde ya mwisho unaporekebisha shabaha.

Flapu zinaongeza kubeba ila ukinzani unapanda nazo. Kwenye 109 mimi nazitoa pale tu ninapojua sekunde mbili zijazo nafyatua, na kidole kinabaki juu ya kitufe cha kuzirudisha. Na ujue hiyo 109 ina vibawa vidogo mbele ya bawa, karibu na ncha, vinafunguka vyenyewe ukikaribia kustoli, kwahiyo ukisikia inatetemeka vimeshafanya kazi yao, huna kilichobaki cha kuvuta.

Sasa hili la kukata naye kona. USIKATE NAYE. Jamaa akikunja na wewe una spidi kubwa, laza ndege kidogo upande wake alafu vuta kwenda JUU, sio kumfuata. Spidi yako inageuka kimo, haipotei, iko pale juu yake inasubiri. Ukifika juu umepungua, na ukiwa umepungua duara lako linakuwa dogo na mvuto wa dunia unakusaidia kugeuza pua, geuka mgongo chini, mwangalie kupitia kioo cha juu, yeye bado yuko kwenye kona yake anachoma enaji yake. Unashuka tena na spidi yako ileile karibu yote. Watu wanaita yoyo ya juu. Nimeifanya mara elfu na kila mara nashangaa jinsi mtu anavyokata kona mwenyewe bila mtu nyuma yake.

Kitu kingine watu hawakifundishi sana, na kwangu ndo kimebadilisha mchezo. Ukiwa umeishiwa spidi na unataka kuondoka, usishushe pua tu, SUKUMA. Sukuma kidogo mpaka ndege iwe kama inaelea, G iko sifuri. Bawa likiwa halibebi kitu ule ukinzani wa pili wa mwalimu unaondoka karibu wote, injini inasukuma mwili tu. Sekunde nne tano za hivyo spidi inaruka kuliko kushuka kwa pua chini huku unavuta kukwepa risasi. Ila hakikisha una kimo cha kufanyia hivyo, sio mita 200 juu ya miti.

Sheria yangu kwenye 109, spidi ikifika 350 sijapiga, naondoka, hata kama mkia wake uko mbele yangu mita mia mbili unaniita.

Mwalimu_wa_Rungwe

Rubani umeongea vizuri sana hiyo ya kusukuma. Naongezea kitu kimoja kwa anayependa hesabu. Miaka ya 1960 rubani wa Marekani anaitwa John Boyd pamoja na mwanahesabu Thomas Christie waliliweka hili kwenye hesabu moja: chukua nguvu ya injini, toa ukinzani, zidisha kwa spidi, gawa kwa uzito. Unapata mita kwa sekunde. Ikiwa chanya ndege inapata enaji, ikiwa hasi inapoteza. Ndani ya kona kali karibu kila ndege ya mapangaboi iko hasi, hata injini ikiwa full, ndo jibu la swali lako la kwanza kabisa. Wakalinganisha ndege za Marekani na za Urusi kwa kila spidi na kila kimo, na baadae fikra hizo zikaingia kwenye kuunda F-15 na F-16.

Inafaa ujiulize ukiwa ndani ya pambano, sasa hivi niko chanya au hasi? Na yeye je? Mkiwa wote hasi, wa kwanza kuachia kuvuta ndo anakuwa na nafasi ya kuchagua.

Dereva_Kitonga (Iringa)

Mwalimu na mimi nina swali hapohapo, kule juu kwenye mita 5000 kwanini spidi inasoma ndogo lakini chini naona ardhi inapita mbio?

Mwalimu_wa_Rungwe

Kwasababu kile kipimo kinapima hewa inavyokupiga, sio unavyokwenda. Juu hewa ni nyepesi. Hata hapa kwetu, kwenye kimo cha Mbeya mjini, kama mita 1700, ndege ikisoma 300 kwa kweli inakwenda kama asilimia 8 au 9 zaidi. Ndo maana ndege inayotua viwanja vya nyanda za juu inahitaji njia ndefu kuliko pale Dar, inagusa chini ikiwa na mwendo mkubwa zaidi japo kipimo kinasoma kilekile. Kwa kustoli fuata kipimo. Kwa hesabu ya kimo niliyotoa juu tumia mwendo wenyewe. Na injini nayo inapumua hiyohiyo hewa nyepesi, ukishapita kimo ambacho supachaja yake, ile pampu ya kuisukumia hewa, inaweza kujaza, nguvu inaanza kushuka, kwahiyo kona za juu ni ghali zaidi na kurudisha ulichopoteza kunachukua muda mrefu zaidi.

Kijana_wa_Soweto (Mbeya)

Wakuu nimerudi. Siku tatu nimefanya mazoezi peke yangu bila adui, kata kona kiduara karibu na pua, angalia spidi, kata tena. Kiduara mbali nilikuwa natoka 500 naingia 300 kwa nusu duara tu, kiduara karibu naimaliza nusu duara niko 420 hivi. Nilirudia mpaka mdogo wangu akaniuliza kwanini leo sipigani na mtu.

Leo ndo nimeingia mechi. Mita 3500, nimemuona Spitfire peke yake chini kama mita 1000, nimeshuka, kaniona, kakunja kulia. Mkono wangu ulitaka kumfuata kabisa, yani nilihisi kwenye kiganja. Nikapeleka kiduara juu, polepole. Spidi 560, 450, 340, nikalala mgongo, nikamtafuta kwenye kioo, yuko pale chini anazunguka na anatafuta niko wapi. Nikashuka, nikakosa. Nikapanda tena. Mara ya pili alijaribu kuvuta pua yake juu anifuate, akafika katikati akaishiwa, ndege ikasimama hewani kabisa kama inaning'inia kwenye uzi, nikageuka juu yake nikafyatua mfululizo mmoja mfupi bawa likakatika. Sikutoa flapu hata mara moja. Pambano lilipomalizika spidi yangu ilikuwa 380.

Ndaga fijo wote, kutoka moyoni kabisa.

Ila kuna kitu kimenitokea mechi iliyofuata. Nilishuka kwa nguvu kutoka juu, spidi ikapita 700, nilivyotaka kuinua pua ndege haikusikia, nikaingia ardhini nikiwa na injini nzima na risasi zote. Hiyo nayo ni enaji?

Rubani_Makambako

Hongera sana kijana, hiyo picha ya mtu kuning'inia juu ya pua yako ndo kila mtu anaitafuta.

Hilo la kushuka ni 109 yenyewe, ikishika spidi kubwa usukani wa kupandisha pua unakuwa mzito sana, ya kweli nayo marubani walilalamikia hivyohivyo. Enaji ulikuwa nayo nyingi kuliko uwezo wa kuitumia. Punguza injini KABLA hujaanza kushuka, sio ukishafika 650. Anza kuinua mapema, kidogokidogo, na shuka kwa pembe ya kulala badala ya kwenda wima. Ukiona tayari umezidi, hapo ndo mahali pekee ninapokuruhusu kukanyaga usukani wa mkia makusudi, ndege iende ubavu, ile breki niliyokukataza juu sasa unaihitaji.

Jumamosi jioni nitakuwa hewani kuanzia saa mbili, Dereva kama uko Iringa na wewe ingia, twende watatu, wewe kijana uwe juu sisi tuwe chambo chini.

Dereva_Kitonga (Iringa)

Jumamosi napakia Tunduma, nikiwahi kufika nyumbani ntaingia. Mkiona nimechelewa anzeni.